Taa ya Kushoto ya Placide

Jumatatu hiyo, saa mbili asubuhi, Agnès alitia karatasi mbili na kaboni katikati yake ndani ya mashine ya kuandika, akapiga: GARI LIMEKUFA KABISA. Ofisi ya bima ya Uvira ilikuwa na chumba kimoja, dirisha la kutazama ziwa, na uwanja wa nyuma ambako Peugeot ya Placide ililala chini ya turubai tangu ajali. Ulikuwa mwaka wa nne wa uhuru.

Placide alizoea kuwapeleka wanawake wa Kasenga na ndagala zao, dagaa wa ziwani, sokoni Kamanyola. Alfajiri moja ya mvua, kamyo, lori la kampuni ya pamba, iliacha upande wake wa barabara, ikamfuata Placide kwenye upande wa kwake na kumgonga. Wanawake walitoka na michubuko, na shofere wa kamyo, mzee Léopold, alivunjika mguu. Kesho yake Placide alimpelekea kuku hospitalini. Mtaalamu wa bima alipoisikia habari hiyo, aliandika kwamba asiye na kosa haombi radhi kwa kuku. Kosa likagawanywa: nusu Placide, nusu kampuni. Bima ingelipa nusu ya gari, na nusu ya gari haimfikishi mtu Kamanyola.

"Minye nilimupelekea kuku juu alikuwa mugonjwa," Placide alimwambia Agnès, kofia mkononi. "Muntu iko kitandani, weye ungeenda mikono mitupu, dada?"

"Hapana," alisema Agnès, kwa sauti ndogo, maana ndiyo aliyokuwa nayo.

"Basi uandike ivyo."

Jumanne milango ya gari haikuwepo uwanjani. Mchana alikuja mpishi wa direkta wa kampuni ya pamba, akauliza kama ofisi ingependa kuichukua, kwa kuwa ilikuwa imeegemea kitanda cha bwana wake na ilimzuia kutandika. Haikuwa na mkunjo hata mmoja. Jumatano iliondoka injini, ikakutwa kwenye zulia la sebule ya direkta. Alhamisi yakafuata magurudumu, viti na usukani. Honi peke yake ilikwenda hospitalini, chini ya mto wa Léopold.

"Iyi ni ya kwangu," Léopold alisema Agnès alipofika kuuliza. "Sikupiga honi. Lakini freni nilimuambia bwana direkta mara tatu: imekufa. Akasema, enda tu, pamba haingoje."

"Na kuku, baba?"

"Ah, ile kuku! Muambie Placide ilikuwa muzee kuliko minye."

Ijumaa Placide alikuta taa ya kushoto mezani, kando ya sahani yake ya ugali. Aliileta ofisini mwenyewe, imefungwa katika gazeti. Ilikuwa imezimika wiki mbili kabla ya ajali, naye kila siku alisema ataitengeneza baada ya Pasaka.

"Iyi siikatae," alisema. "Lakini ni iyi tu."

Agnès aliandika orodha: kipande kipi kilikwenda nyumba ipi, siku gani. Aliitia ndani ya dosye, faili la ajali, akaiweka mbele ya mkuu wake, Ildephonse, kisha akaficha mikono nyuma ya sketi. Ildephonse aliisoma mpaka mwisho, akasahihisha herufi moja.

"Ni kweli," alisema. "Juzi nilisimamisha baiskeli ili bonete ya ile gari ivuke barabara. Lakini mu dosye hakuna fasi ya vitu vyenye kutembea, binti yangu. Kuku iko na fasi. Piga nusu kwa nusu."

Akapiga. Placide akatia sahihi, kwa sababu asiyetia sahihi hakupewa hata hiyo nusu. Agnès alimshikia karatasi isipeperuke, kisha akamrudishia taa yake.

Mwezi wa tano habari zilifika kwamba waasi wamekaribia mji. Askari walikuwa wamechukua kamyo zote za kampuni. Direkta aliingia sebuleni, akaikuta Peugeot imesimama juu ya zulia, nzima. Akafungua milango miwili ya veranda, akapakia masanduku, akashika njia ya Bujumbura.

Watu wengi walikuwa barabarani kwa miguu. Placide alitembea na mkewe Sabine na watoto watatu, taa kwapani, na Agnès alikuwa nyuma yao na kikapu chake. Gari lilikuja na jicho moja, bila sauti ya honi, hata direkta alilazimika kutoa kichwa nje na kupaza, "Toka! Toka!" Placide akawavuta watoto pembeni.

"Si ungemusimamisha?" Sabine alisema.

"Na nini? Yangu ni taa." Aliliangalia mpaka likapotea kwenye vumbi. "Iko inatembea muzuri."

"Hujaitengeneza hiyo taa," alisema Agnès.

"Nitaitengeneza, dada. Baada ya Pasaka."

Pasaka ilikuwa imepita. Dosye ilibaki ofisini, kwenye droo ya pili, imefungwa kwa uzi: nusu, nusu, na kuku mmoja.