Nywele Tatu Nyeupe

Saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi vitone vilikuwa tisa, jana vilikuwa saba, anavihesabu kwenye kioo cha bafuni kwa ncha ya kitana, vya kahawia, kila kimoja kimezunguka kinyweleo chake juu ya mdomo, palipokuwa peupe miaka kumi na moja, kwa hiyo daktari hakudanganya, alisema chembe za ulinzi wa mwili wako zimezigeukia chembe za rangi, zinaziua, dawa hii ya kupaka inawatuliza hao walinzi, na chembe za rangi zilizojificha kwenye mashina ya vinyweleo zitatoka zenyewe, polepole, ila penye nywele nyeupe usitegemee sana, akiba yake imekwisha... mlango unagongwa, ni mdogo wake, anauliza Dada umelala humo, anamjibu bado kidogo, na tyubu iko mkononi, ile nyingine iko chumbani kwa mdogo mtu, rangi ile ile, maandishi yale yale, tofauti iko tumboni, hiyo ya mdogo mtu ina mafuta ya mgando ya dukani, aliyajaza mwenyewe baada ya kukata mkia wa tyubu tupu, akaukunja, akaubana kwa koleo la moto, miaka sita anaziba tyubu za dawa ya meno kiwandani, nani angegundua, na alikusudia wiki moja tu, mdogo wake aonje na yeye, maana nani alimwita Ramani mbele ya wageni, nani alimtengea kikombe chake peke yake, nani alimnong'oneza mchumba wake kwamba mbalanga ya dada inaambukiza hadi mwanamume wa watu asirudi, halafu mbalanga ikamshukia huyo huyo juu ya jicho, akaja analia, Dada nigawie na mimi, akamgawia... wiki ikawa miezi minne, lakini leo basi, vitone tisa vimemlainisha, atafungua mlango, atamwekea tyubu ya kweli kiganjani, atasema nilikukosea mdogo wangu, bado mapema, utapona kabla ya harusi yako, na huko nje sauti inaendelea, ya furaha, inasema nyusi, inasema mabadiliko, maji ya bomba aliloliacha wazi yanameza maneno yaliyobaki, analifunga.

"Nasema nyusi ya kushoto imetoa nywele tatu nyeupe. Ndiyo dawa inaanza kufanya kazi, Dada?"

Tatu, si zote, akimpa sasa hivi huenda zilizobaki zikapona, sasa hivi, mkono uko kwenye komeo, na anaitafuta ile huruma ya dakika mbili zilizopita, anaitafuta kama mtu anayepapasa ufunguo mfukoni, haipo, kilichopo ni hesabu, tisa vya kwangu, tatu za kwake, na kiooni mdomo wenye vitone umeshaanza kucheka kabla hajauruhusu.

"Ndiyo, mdogo wangu. Hiyo ni dalili nzuri. Sasa paka mara tatu kwa siku."

Mdogo wake alishukuru, akasema ya kwake inakaribia kuisha. Saa moja na dakika kumi na sita dada mtu alikaza kifuniko cha tyubu yake. Mlango ulikuwa bado umefungwa.