Siku Jua Lilipomeza Redio

Redio yetu ya kuongea na marubani ilikufa saa sita, jua la utosi. Angani alikuwepo shemeji yangu, mume wa dada, akirusha ndege ndogo ya abiria wanne. Nilikuwa nimetoka kupokea simu: kiwanja anachokwenda kimejaa maji. Yeye hakuwa na habari.

"Imeungua," alisema fundi wetu. Tunamwita Bisibisi, maana haoni kifuniko akakiacha salama.

"Usiiguse. Na ile ya akiba imeungua? Na ya chumba cha pili? Zimepatana?"

Akakuna kichwa. Nilivaa vipokea sauti vyenye sponji iliyobanduka. Hata mikwaruzo haikuwepo. Niliogopa, sikatai, lakini udadisi nao ulinikaba. Kitu gani huua redio tatu kwa pigo moja?

Ndipo nikakumbuka mpira wangu wa nywele. Siku moja mezani kwa dada, shemeji aliuchukua akausokota mpaka ukakaza.

"Mistari ya sumaku juani iko hivi, shemeji. Inasokotana, inakatika, inaungana upya. Nguvu yote iliyojibana inafyatuka na kurusha chembe kwa kasi ya ajabu. Zikigonga chini, juani hukohuko, zinatoa eksirei. Eksirei zikifika huku, hewa ya juu inameza mawimbi ya redio zenu. Inaanza na mawimbi ya masafa ya chini. Ya juu yanapona kwanza."

Mpira ukamtoka, ukatua kwenye mchuzi. Dada akanuna. Mimi nikamwambia arushe ndege, jua amwachie Mungu.

Bisibisi alikuwa ameshaanza kushusha masafa. Ndiyo desturi yetu na marubani: tukipotezana, wote tunashuka.

"Panda," nikasema.

"Kanuni inasema tushuke."

"Kanuni haijui jua. Panda."

"Na yeye akiwa ameshuka?"

Nikazungusha kitufe mwenyewe, kwenda juu. Nikaita. Nikaita tena, na tena. Baadaye ikaja mikwaruzo, na nyuma yake sauti ninayoijua.

"Shemeji, umechelewa. Nakungoja huku juu tangu kitambo."

"Kiwanja kimejaa maji. Rudi."

"Narudi."

Nikampigia dada.

"Mumeo anarudi," nikamwambia. "Na siku nyingine akicheza na mpira mezani, mwache acheze. Mchuzi tutapika mwingine."