Kamera Zikizimwa Wanaelewana

Tangu asubuhi mawaziri wawili wa nchi jirani walikuwa wakigombania mto, na fundi wa mitambo alikuwa amechoka kuwasikia. Kazi yake ilikuwa vipaza sauti na waya wa matangazo ya moja kwa moja, basi. Lakini dada yake aliishi bondeni, ukingoni mwa mto huohuo, pamoja na mama yao aliyepooza miguu. Bwawa la nchi ya juu lilikuwa limejaa pomoni. Wakikubaliana leo kulifungulia kidogo kidogo, bonde litalowa tu. Wasipokubaliana, maji yatajifungulia yenyewe.

Dada akapiga simu. "Kaka, nimhamishe mama au ningoje?"

"Ngoja kwanza. Wanazungumza."

Kuzungumza gani! Waziri wa nchi ya juu alikuwa na uchaguzi mbele yake. Aliitupia kamera jicho, akanyoosha tai, akanguruma: "Wananchi wangu hawampigii mtu magoti!"

Waziri wa nchi ya chini naye alikuwa na uchaguzi. Akagonga meza. "Na sisi hatuombi huruma!"

Hakuna aliyedai magoti, wala aliyeombwa huruma. Kila mmoja alikuwa akiongea na wapiga kura wake waliokaa sebuleni. Mwenyekiti, aliyeagizwa kutoka mbali kwa sababu kwao hakuna mto wa kugombania, alisema "tunashukuru kwa moyo wa udugu" kila walipotukanana.

Fundi akainama chini ya meza yake kama anayetafuta bisibisi, akachomoa waya.

"Waheshimiwa, matangazo yamekatika."

"Hatuonekani?" akauliza waziri wa juu.

"Hamwonekani wala hamsikiki."

Waziri wa juu akalegeza tai, akavua viatu. "Haya, bwana mkubwa, unataka nini hasa?"

"Fungulia kidogo kidogo. Mimi nina ugomvi gani na wewe?"

"Si ungesema hivyo tangu asubuhi!"

"Mbele ya wale? Wanitafune?"

Wakacheka, wakapigana mabega. Waziri wa juu akampigia mhandisi wa bwawa: "Anza na mlango mmoja." Chai ya mwenyekiti ilikuwa bado inafuka moshi. Fundi akamwandikia dada: *Msihame.*

"Fundi, rudisha matangazo, tutangaze."

Hapo ndipo fundi alipokosea. Aliogopa kamera zitawarudishia wazimu wao, akadanganya. "Waya umeungua, mheshimiwa."

"Yaani nipatane bila kuonekana? Simu yangu ninayo!" Waziri akavaa viatu, akakaza tai, akajirusha mubashara kwa simu yake. "Ndugu wananchi, leo nimewafundisha jirani zetu adabu!"

"Adabu? Mimi ndiye niliyekulazimisha!" akafoka waziri wa chini.

Kamera ya ukumbini isingemjibu waziri wa juu kitu. Simu ilimjibu palepale. Maoni yalimiminika, naye akayasoma. *Umetuuza. Maji yetu unamfungulia nani? Tutaonana kwenye kura.*

Waziri akaisogeza simu karibu na uso. "Ndugu wananchi, hakuna mlango utakaofunguliwa." Akaomba simu ya msaidizi wake, akampigia mhandisi watu wote wakisikia. "Funga!"

"Mheshimiwa, limejaa! Halitashika!"

"Nimesema funga!"

"Tunashukuru kwa moyo wa udugu," akasema mwenyekiti.

Fundi akatoka nje mbio, simu sikioni. "Dada, mtoe mama. Mpeleke kilimani kwa jirani, mimi nakuja na gari la mitambo."

"Si umeandika tusihame?"

"Niliandika. Nilidhani wameshakuwa watu wazima. Usibebe vyombo, mbebe mama."

Gari lilikuwa limejaa spika za akiba, na mgonjwa asingepata pa kulala. Fundi akaanza kuzishusha moja moja, akizibwaga kwenye maegesho bila kuangalia zinavyoanguka. Mlinzi akaja anakimbia.

"Wewe! Na mkutano je? Wataongeaje bila spika?"

"Hao?" Fundi akabamiza mlango wa gari. "Hao wana midomo mikubwa kuliko hizi."

Akawasha gari, akashuka bondeni.