Unga wa Barre

Kaltun alikuwa amenenepa uso tu. Mashavu yamejaa kama andazi lililoumuka, miguu imebaki vijiti. Majirani wa Garissa walimpita wakisema mashallah, dawa ya Barre, muuza mitishamba, imemrudishia ujana. Mwanawe Mustafe aliwasikia akawadharau wote kwa mkupuo mmoja. Watu wanaoweza kukagua ngamia mpaka meno, wakimtazama binadamu wanaona mashavu.

Kabla ya hapo magoti ya mama yake yalikuwa yamevimba hata akawa anasali kitini. Akaanza unga wa Barre, ambao mwenyewe alisema ni mizizi ya porini kule Kotile, na haukupita muda akasujudu. Sasa ngozi yake ikiguswa tu inaacha doa jeusi, kiu haimwishi, na majuzi alianguka uani, Mustafe akampeleka hospitali pamoja na pakiti ya unga.

"Unga huu umechanganywa na vidonge vikali vya kutuliza uvimbe," daktari alisema. "Ni dawa njema mahali pake, lakini mama amekula bila kipimo. Sukari imepanda. Na msimkatie ghafla, mwili utazima. Nitampunguzia mimi, kidogo kidogo."

"Daktari ana wivu," Kaltun alimwambia mwanawe njiani. "Barre ndiye aliyenisimamisha. Sitaacha mpaka yeye mwenyewe aniambie."

Mustafe alimjua Barre tangu soko la ngamia. Ngamia mbovu wa miguu hudungwa sindano asubuhi, mchana anasimama kama sultani, akifika kwa mnunuzi analala haamki. Barre alikuwa fundi wa mchezo huo. Kisha akagundua biashara nyepesi zaidi: ngamia akianguka, mnunuzi hurudi na fimbo, mzee akianguka, watu husema ni kadari ya Mungu.

Basi Mustafe akampeleka mama yake kwa Barre. Kando ya meza ya unga aliketi Kerrow, baba yake Barre, magoti yamemvimba kama maboga, bakora mapajani, glasi ya chai mkononi.

"Karibu hooyo, karibu mama," Barre alisema. "Uso unang'aa."

Mustafe alimgeukia mzee kwa heshima. "Adeer Kerrow, magoti vipi?"

"Leo nimeyabeba mimi, hayakunibeba."

"Na mwanao ana dawa iliyomsimamisha mama yangu?"

"Huniambia mimi sina subira nayo," mzee akacheka. "Labda anangoja nimlipe."

"Leo nakulipia mimi." Mustafe alichota unga kijiko kizima, akautia kwenye glasi ya mzee, akakoroga. "Bismillahi, adeer. Kunywa usimame."

Mzee aliinua glasi. Ilipogusa mdomo, Barre alirusha mkono akaipiga, chai ikamwagika mkekani. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri walirudi nyuma.

"Abo ana presha," Barre alisema, akimshika baba yake bega.

"Na mimi uliniuliza kama sina?" Kaltun alisema.

Barre alianza kupanga makopo yake, yaliyokuwa tayari yamepangwa. Kerrow alimtazama mwanawe, kisha akautazama mkeka, na hakumwomba amwongezee chai.

Kaltun alifungua fundo la shuka yake, akatoa pakiti ya unga, akaiweka mezani taratibu kama mtu anayerudisha kitu cha wizi.

"Mustafe," alisema, "nishike mkono. Nirudishe kwa yule daktari mwenye wivu."