Nguzo Ndani ya Unga Mweusi

Mtafiti alikuwa akichekecha unga mweusi wa kathodi, yaani upande chanya wa betri, kaka yake marehemu alipoingia na kuketi juu ya ndoo. Nyusi zake zilijaa vumbi la mgodi, kama kila jioni.

"Jikung'ute kwanza," mkuu wa maabara alimwambia bila kugeuka. "Vumbi lako linaniharibia vipimo."

Kaka akatoka, akajikung'uta, akarudi.

"Mdogo wangu, unga wako bado unapasuka?"

"Bado. Nimebakiwa na jaribio hili tu. Likishindikana, meza hii anapewa mwingine."

Akamweleza upya, maana kaka alipenda kusikia. Punje moja ya unga huo ni kama jengo la ghorofa. Betri ikichajiwa, chembe za lithiamu huhama kama wapangaji, ikitumika, hurudi. Zikihama nyingi mno, dari hushuka, punje hupasuka, na betri huchoka kabla ya siku zake. Safari hii alikuwa amechanganya magnesiamu kidogo, ambayo haihami wenzake wanapohama. Inabaki imeshikilia dari.

"Nguzo," kaka akasema.

"Nguzo."

"Wewe? Ambaye nyumba zako za udongo utotoni zilianguka zote?"

"Ulikuwa ukizipiga teke wewe!"

Kaka akacheka, kisha akainua macho kutazama dari. Shimo lililomfukia, ambalo ndilo lililotoa madini ya unga huo, halikuwa na nguzo hata moja.

Betri ikachajiwa, ikatumika, ikachajiwa tena, miezi ikapita. Siku ya kuifungua, kaka alikuja na wenzake wote wa shimoni. Walijikung'uta mlangoni bila kuambiwa, wakapanga foleni kwenye hadubini, kofia mikononi. Mtafiti alishindwa kutazama, akamwachia kaka.

"Sema basi, unaniua!"

Kaka hakuwa na haraka. "Dari zote zimesimama," alisema hatimaye. "Mdogo wangu, humu mtu angeingia na angetoka."

Wenzake wakatazama mmoja mmoja. "Binti ana mkono huyu," alisema mkubwa wao. "Punje isiyoonekana kwa macho, kaijengea nguzo!"

Mkuu wa maabara alimpongeza mtafiti kwa moyo wote, akambakishia meza yake. Kisha akapiga simu mgodini kuagiza madini, mara tatu ya kawaida, kwa haraka.

Jioni moja baadaye, kijana ambaye hakuna aliyemjua alisimama mlangoni, nyusi zake zimejaa vumbi jipya. Kaka akasogea kwenye ndoo kumpa nafasi.

"Jikung'ute kwanza," akamwambia.