Maana ya Kukaa Kipepe

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mjukuu alikuwa amekwisha kuvaa, daftari mkononi, akitembea kutoka dirishani hadi kwenye cherehani ya bibi yake na kurudi. Mtihani wa mdomo ulikuwa saa mbili. Alikuwa ameanguka mara mbili, na chuo cha ualimu hakimpi mtu nafasi ya nne. Leo ndiyo leo.

Kilichomtesa kilikuwa riwaya ya zamani, ya kijana anayekua mjini siku ambazo bibi mwenyewe alikuwa msichana. Maneno magumu ya kiungwana, kama ghulamu na ashiki, kamusi iliyamaliza. Lakini vijana wa kitabuni walikuwa na maneno yao ya mtaani, na hayo hayakuwamo katika kamusi yoyote. Basi wanafunzi wa darasa la marudio wakagawana, kila mmoja maneno manne, kila mmoja akabuni maana za maneno yake, wote wakanakili. Akikosea mmoja, wamekosea wote.

"Kukaa kipepe," mjukuu alikariri, macho kayafumba. "Kustarehe, kujitanua kama bwana. Kwa hiyo sura ya mwisho kijana anakaa kipepe dansini kwa furaha. Amekuwa mtu mzima."

Mguu wa bibi ukatulia juu ya pedali.

Sivyo. Alijua sivyo kama anavyoijua njia ya nyumbani kwake. Lakini mezani, mbele ya chai, alikaa mwanawe, baba wa msichana, msimamizi wa ghala, akingoja kumsindikiza binti. Huyo hakutaka hata redio ipige dansi nyumbani. Binti akichelewa kurudi, alipewa mahubiri yaleyale: bibi yako hakuwahi kukanyaga ukumbi wa dansi, aliposwa kwao, wazee wakakubaliana, basi. Bibi hakuyatunga hayo. Marehemu mumewe ndiye aliyeyaanzisha, kumkinga na midomo ya mawifi, naye akayaacha yakakua. Miaka hamsini sasa.

Bibi alijiambia labda watahini hawataliuliza neno hilo. Mjukuu, kama aliyemsikia, akasema sura ya mwisho huulizwa kila mwaka.

Msimamizi wa ghala akatazama saa, akasimama.

"Mke mwenzangu, keti kwanza," bibi akamwambia mjukuu. "Hiyo mmekosea."

"Mwalimu aliipitisha, Bibi."

"Mwalimu wenu juzi tu alikuwa ananyonya. Kukaa kipepe ni kukaa ukutani dansini, umejipamba, viatu vinameta, na hakuna anayekuja kukuinua. Kijana yule hana furaha. Ameachwa."

Kalamu ya msichana ikabaki hewani. "Una hakika? Nikibadilisha ikawa siyo, nimekwisha."

"Na umejuaje, Mama?" mwanawe akauliza polepole.

Angeweza kusema alisikia kwa majirani. Maneno yalikuwa yameshafika ulimini. Lakini mtoto alikuwa akimtazama, hajui aamini daftari au bibi.

"Kwa sababu nimekaa kipepe," akamjibu mwanawe. "Jumamosi nne mfululizo, katika viatu vya shangazi yangu. Ya tano, fundi seremala mmoja, aliyegombaniwa na nusu ya wasichana wa ukumbi, akaacha kucheza, akavuta kiti, akakaa kipepe kando yangu mpaka muziki ukaisha. Hakunisemesha. Hakutaka tu niwe peke yangu. Ndiye baba yako."

Msichana akakata mstari mmoja daftarini, akaandika mwingine. Baba yake akauchukua mkoba wa bintiye, akatoka bila kuaga.

Bibi alishona upindo wa sketi, akaufumua, akaushona tena. Mtoto akifaulu, alijiambia, na liwe liwalo. Lakini kila nyayo zilipopita nje, sindano ilimchoma kidole.

Saa sita msichana akaingia mbio. Amefaulu. Walimuuliza sura ya mwisho, akawaeleza upweke wa yule kijana, mtahini mzee akavua miwani na kusema hakuwa amesikia jibu hilo mwaka mzima.

Bibi akamkumbatia, huku akiutazama mlango. Mwanawe alikuwa amesimama pale, kofia mkononi. Aliingia, akaketi kwenye kigoda cha wateja.

"Baba alijua kucheza kweli?" akauliza.

"Mno. Mimi ndiye niliyekuwa nikimkanyaga."

Msimamizi wa ghala akakisogeza kigoda karibu na cherehani. "Endelea, Mama," akasema.