Kengele ya Laini ya Ishiara

Kila asubuhi Felicitas aliingia chumba cha mitambo cha Kampuni ya Pamba ya Nyanda, mjini Embu, akaning'iniza sweta nyuma ya mlango, akaamuru kompyuta imwonyeshe kengele za hitilafu. Zilijipanga kwenye skrini: feni ya mtambo wa simu imechoka, betri ya kituo cha Kiambere inashuka, mtu ghalani hakurudisha mkono wa simu mahali pake. Alirekebisha alichoweza, kisha akazifuta. Jumatatu moja ya mwaka 1994, msimu wa pamba ulipoanza, kulikuwa na moja ya ziada, nyekundu. Ilisema kwamba laini ya simu ya Ishiara ina umeme na Mbogo yuko juu ya nguzo.

Mbogo, fundi wa laini, alikuwa amezikwa tangu Pasaka. Felicitas aliifuta kengele, ikarudi. Akapiga simu Ishiara. Munyi, karani wa ghala, akamjibu kwamba ndiyo, Mbogo yuko juu ya ile nguzo ya karibu na soko la mbuzi, amefunga mkanda wake wa kupandia na koleo liko mkononi. Akaomba asiulizwe mengi kwa kuwa ilikuwa siku ya soko na foleni ya wakulima ilifika barabarani.

Jinsi Mbogo alivyokufa haikuwa siri. Katika kampuni ile neno "clear" lilifanyishwa kazi mbili. Kengele ikifutwa kwenye skrini, watu walisema iko clear. Laini ikiwa salama kupandwa, walisema pia iko clear. Siku aliyokufa, waya wa umeme ulikuwa umeangukia laini ya Ishiara. Mtambo ukalia, na msimamizi, Bwana Muthamia, ambaye alikuwa na wageni na hapendi kelele, akaifuta kengele. Baadaye Mbogo akapiga simu akiwa chini ya nguzo, akauliza kama iko clear. Muthamia akatazama skrini, akamwambia iko clear. Ripoti iliyofuata ilisema marehemu alipanda akiwa amelewa.

Mbogo hakuwa ameonja pombe tangu abatizwe. Hilo nalo halikuwa siri, ila halikuulizwa.

Kengele ikawa ya kila siku. Muthamia aliita mhandisi kutoka Nairobi, naye akabadilisha kadi mbili za mtambo, akanywa chai, akaeleza kwamba mitambo ya aina ile ina tabia hiyo ikinunuliwa bila mkataba wa matengenezo. Kule Ishiara watu walizoea. Wenye mbuzi waliwafunga wanyama wao kwenye nguzo wakamsalimu Mbogo, naye akaitikia. Mjane wake, Wambura, alimpelekea habari za nyumbani kila jioni, akisimama chini na kuinua uso, kwa sababu hakuwa na namna nyingine ya kumtembelea mume wake.

Habari iliyomsumbua Wambura ilikuwa moja. Binti yao, Veronicah, aliyeolewa Kanyakine, alikuwa amejifungua mvulana wa pili. Kwa desturi mvulana wa pili hupewa jina la baba wa mama yake, na kwa njia hiyo babu hurudi miongoni mwa watu. Lakini mzee Gitobu, baba mkwe wa Veronicah na mzee wa kanisa, alikuwa amesikia ile ripoti, akasema hawezi kumkaribisha mlevi bomani mwake kwa mlango wa jina. Angebadili nia kama ofisi yenyewe ingetamka kwamba Mbogo hakulewa.

Basi wakaja Embu wote, Wambura, mzee Gitobu, na Veronicah akiwa na mtoto mgongoni. Felicitas aliwapa viti, akafungua spika ya laini ya Ishiara. Upepo ulisikika kwanza, halafu Mbogo akamsalimu kila mtu kwa zamu, na mtoto pia. Gitobu akamuuliza alichotaka kumuuliza.

"Sikukunywa, mzee," Mbogo alisema. "Niliuliza kama iko clear, nikaambiwa iko clear. Bado nangoja mtu aniambie ukweli ndio nishuke."

Gitobu alimgeukia Muthamia, aliyesimama mlangoni na funguo za gari mkononi. "Na wewe unasemaje?"

"Hiyo ni alarm tu, mzee," Muthamia alisema. "Hata leo nimeambia huyu msichana aiclear."

Felicitas aliinuka kitini. Akasema yote aliyoyajua kuhusu siku ile. Mzee Gitobu alimsikiliza kwa heshima, kisha akamuuliza kama alikuwepo. Hakuwepo, alikuwa kwenye likizo. Gitobu akasema ameisikia sauti ya Mbogo na haitilii shaka, lakini marehemu hajitolei ushahidi mwenyewe. Alihitaji neno la aliye hai, na aliye hai alikuwa ameshaondoka na funguo zake. Wambura alimsihi, akapiga hata magoti, jambo ambalo mkwe hapaswi kuliona. Gitobu alitazama kando kwa haya, lakini hakubadili neno.

Jumapili mtoto alibatizwa Kinoti, jina la ndugu yake Gitobu, na Mbogo akakosa mlango wa kurudia. Jumatatu kengele nyekundu haikuwepo. Muthamia aliwanunulia wafanyakazi soda, akawaambia hatimaye mtambo umepona.

Alasiri Wambura alifika peke yake, viatu vikiwa na vumbi la Ishiara. Alisema nguzo iko tupu, na wenye mbuzi hawakuona mtu akishuka. Felicitas akauamuru mtambo umwonyeshe kengele zote, zilizopo na zilizofutwa. Mtambo ukajibu kwamba hakuna.

"Ameenda wapi, mwanangu?"

"Hapa hayupo, Mama Vero."

Wambura alilia, na Felicitas akalia naye, mkono wake begani mwa yule mama. Baadaye Wambura aliomba apigiwe ile laini hata hivyo. Simu ililia mara moja tu, Munyi akapokea, akasema leo sauti inafika vizuri sana, hakuna upepo hata kidogo.